Shangazi, Aloysius na Luigi ni mtu mmoja?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, nimeolewa Italia, katika kijiji cha milimani mkoani Avellino, bara ya Napoli. Mume wangu ni wa hapahapa, na baba yake, na babu zake wote tunaowajua. Mwalimu wa binti yetu Giulia amewapa wanafunzi kazi ya kuchora nasaba: kila mtoto arudi nyuma kadiri anavyoweza. Upande wangu haukutusumbua. Mama alituhesabia kwa simu, jina baada ya jina, Giulia akiandika. Upande wa baba yake ndio uliotufunga.

Baba mkwe amesema siku zote kwamba baba wa babu yake aliitwa Luigi, alizaliwa 1847, na ni mwana wa Giuseppe. Basi tukaingia kwenye tovuti ya Antenati, ambako hifadhi za nyaraka za serikali ya Italia zimeweka picha za madaftari ya zamani ya vizazi, ndoa na vifo, bila malipo. Luigi tukampata, lakini tumempata mara mbili! Kuna Luigi aliyezaliwa Machi 1843, na Luigi aliyezaliwa tarehe 13 Oktoba 1847. Wazazi majina ni yaleyale: Giuseppe, na Maria Giuseppa Esposito. Ila kwa yule wa 1843 baba ameandikwa "Giuseppe di Luigi", miaka 28, na kwa yule wa 1847 ameandikwa "Giuseppe fu Luigi", miaka 30. Giulia anasema Fu ni jina la ukoo mwingine, kwa hiyo hawa ni akina Giuseppe wawili. Hesabu ya umri inampa nguvu: mtu atazeekaje miaka miwili tu ndani ya miaka minne?

Mume wangu akaenda kwa paroko, akaruhusiwa kupiga picha ukurasa wa daftari la ubatizo. Ukurasa huo ndio uliotuchanganya kabisa. Ni Kilatini, na tumeusoma hivi:

"Die 14 8bris 1847. Baptizavi infantem natum hac die, hora tertia noctis, ex Josepho et Maria Josepha Esposito conjugibus, cui impositum est nomen Aloysius Antonius Maria. Obstetrix Angela."

Sisi tumeelewa kwamba tarehe 14 Agosti, saa tisa za usiku, alizaliwa mtoto aitwaye Aloysius, au labda ni msichana kwa kuwa mwishoni kuna Maria, na bibi yake aliitwa Angela. Lakini mama aliyejifungua Agosti hawezi kujifungua tena Oktoba mwaka huohuo. Au Maria Giuseppa nao walikuwa wawili?

Wapo na wengine: msichana wa 1845 aitwaye Afsunta, jina ambalo hakuna mtu hapa amewahi kulisikia, na mvulana wa 1850 aitwaye Michele.

Sasa lililo zito. Jumapili mezani wifi yangu alipoona jina Esposito akasema hilo ni jina walilopewa watoto waliotupwa. Baba mkwe akaweka uma chini, akasema karatasi hizo zirudi zilikotoka. Mimi ni mke wa mwanawe, siwezi kubishana naye. Lakini mtoto ananiuliza kila siku. Je, nimwambie aliache tawi hilo wazi?

Mama Giulia, Avellino

*

Mwanangu, marahaba. Mpe Giulia pongezi zangu.

Aloysius wa kanisani na Luigi wa manispaa ni mtoto mmoja, aliyezaliwa jioni moja ya Oktoba 1847. Giuseppe naye ni mmoja. Akina Luigi ndio wawili kweli, ndugu wa tumbo moja, na wenu ni wa pili. La Esposito nitalifikia. Lina maneno zaidi, na linahitaji karatasi moja ambayo bado hamjaifungua.

Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kila parokia iweke daftari la ubatizo na la ndoa. Mapadre wa Italia wengi waliyaandika madaftari hayo kwa Kilatini, na hata majina ya watu wakayatia katika Kilatini. Kijijini kwenu hakuna aliyemwita mtoto yule Aloysius. Mama yake alimwita Luigi, pengine Gigi. Aloysius ni jina la karatasini tu. Mtakatifu ambaye Waitalia humwita Luigi Gonzaga, Kilatini cha kanisa humwita Aloysius Gonzaga, na jina hilohilo ndilo wanaloliitikia akina Aloyce wa Tanzania. Mtakutana na mengine ya namna hii kadiri mnavyorudi nyuma. Cajetanus ni Gaetano, Hieronymus ni Girolamo, Jacobus ni Giacomo, Blasius ni Biagio, Xaverius ni Saverio. Majina ya ukoo nayo hayakusalimika: familia ya Rossi mtaikuta imeandikwa "de Rubeis", na ya Ferrari "de Ferrariis".

Kilatini pia hubadili mwisho wa jina kulingana na mahali lilipokaa katika sentensi. Giuseppe huyohuyo atakuwa Josephus au Joseph akiwa ndiye mtendaji, Josephi mtoto akiitwa mwana wake, na Josepho akiandikwa baada ya "ex", kama hapo kwenu. Hao si watu watatu. Giulia aandike Giuseppe kwenye mchoro, lakini katika daftari lake la kazi anakili herufi kwa herufi kama padre alivyoandika, na tafsiri yake aiweke pembeni. Anayenakili huku akisahihisha hupoteza ushahidi, na baada ya miezi michache hakumbuki tena kipi alikiona na kipi alikidhania.

Lile jina Maria mwishoni lisiwasumbue. Wavulana wa Italia walipewa Maria kwa heshima ya Bikira, na hadi leo wapo wanaume wanaoitwa Giuseppe Maria au Carlo Maria. Kama mtoto ni wa kiume au wa kike, angalieni neno "natum", ambalo ni la mvulana; kwa msichana padre angeandika "natam". Ile karatasi ya manispaa inasema wazi zaidi. Katika fomu za Ufalme wa Sisilia Mbili, ambao Avellino ilikuwa chini yake, baba alikwenda na mtoto mchanga mbele ya ofisa, na fomu yenyewe imechapwa maneno ya kuthibitisha kwamba ofisa amemwona mtoto kwa macho yake, akajaza kama ni "maschio" au "femina". Mtoto wa siku moja, Oktoba, milimani, anabebwa hadi ofisini ili aonwe! Hilo jina Antonio la katikati nalo mlitunze. Watu wengi waliishi kwa jina lao la pili, kwa hiyo Luigi akiwapotea kwenye madaftari ya ndoa, mtafuteni kama Luigi Antonio, kisha kama Antonio peke yake, mkimpima kwa majina ya wazazi wake.

Sasa tarehe. "8bris" si Agosti. Hapa mazoea yetu ndiyo yanayotuponza, maana kwetu Agosti ni mwezi wa nane na basi. Waandishi wa zamani walifupisha majina ya miezi kwa namba iliyomo ndani ya jina lenyewe la Kilatini, na majina hayo yalianza wakati Warumi walipokuwa wakihesabu mwaka kuanzia Machi. Kwa hiyo 7bre ni Septemba, 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, na 10bre au Xbre ni Desemba. Mkishalijua hilo, wale watoto wawili wa mwaka mmoja wanabaki mmoja, ila kuna tofauti ya siku moja: manispaa inasema alizaliwa tarehe 13, padre anasema alizaliwa tarehe 14.

Na hapo ndipo msemaji wa Kiswahili anapowashinda wengi. "Hora tertia noctis" ni saa tatu ya usiku, na kwa karne nyingi Italia ilihesabu saa zake kuanzia jioni, jua likizama au kengele ya Salamu Maria ikigonga muda mfupi baadaye. Waitalia wa leo na Wamarekani wanaotafuta babu zao huisoma hiyo kama saa tisa za usiku wa manane, kama mlivyoisoma ninyi kwa kufuata saa ya ukutani. Isome kwa saa ya nyumbani kwenu Nyeri nawe uko karibu zaidi na ukweli: saa tatu baada ya giza kuanza kuingia. Tofauti ni kwamba sisi tuna jua linalozama karibu wakati uleule mwaka mzima, wao walihama nalo. Katikati ya Oktoba jua la Avellino huzama mapema kidogo kuliko letu, kwa hiyo Luigi alizaliwa kama saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu. Hesabu hiyo pia ilianza siku mpya jioni. Waislamu wa Pwani wakisema usiku wa Ijumaa, wanataja usiku ule unaotangulia mchana wa Ijumaa; padre naye, kengele ya jioni ya tarehe 13 ilipokwisha kugonga, kwake ilikuwa tarehe 14 tayari. Karani wa manispaa akafuata kalenda ya serikali. Wote wawili waliandika kweli.

Tuje kwa Giuseppe. "Di" na "fu" si majina ya ukoo. "Giuseppe di Luigi" ni Giuseppe wa Luigi, na Luigi yu hai. "Giuseppe fu Luigi" ni Giuseppe wa hayati Luigi. Katika madaftari ya Kilatini mtaona "quondam" au "q." tu, maana ni hiyohiyo. Nalipenda sana neno hili dogo kwa sababu linafanya kazi ya cheti kizima cha kifo. Machi 1843 mzee Luigi alikuwa hai. Tarehe 13 Oktoba 1847 alikwisha kufa. Basi fungueni madaftari ya vifo ya kijiji kati ya tarehe hizo mbili, na mkimpata, karatasi yake ya kifo itawatajia majina ya baba yake na mama yake. Hapo Giulia atakuwa amepanda kizazi kingine, pengine hadi miaka ya 1700.

Na ule umri? Msiujengee nyumba juu yake. Giuseppe alikuwa "bracciale" bila shaka, au "contadino", kibarua wa shamba au mkulima, kama wanaume wengi wa milima ile, na mkitazama mwisho wa karatasi mtakuta ofisa ameeleza kwamba mtoa habari hajui kuandika. Aliulizwa umri, akataja alioukisia. Ndiyo sababu hata tahajia ya jina la ukoo hubadilika kutoka karatasi hadi karatasi: mwenye jina alilitamka, karani akaandika alivyosikia. Ninachokiamini mimi kuliko umri, na kuliko tahajia, ni majina manne yakiwa pamoja: baba, baba wa baba, mama, na ukoo wa mama. Yakikubaliana yote manne katika kijiji kidogo, mtu ni yuleyule. Yakikubaliana mawili tu, bado mnatafuta.

Akina Luigi wawili wangepaswa kukushangaza wewe kidogo kuliko mtu yeyote. Umezaliwa Ugikuyu, ambako mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, binti wa kwanza mama wa baba, wa pili mama wa mama. Kusini mwa Italia desturi ilikuwa hiyohiyo kwa mpangilio huohuo, na ilishikwa kwa nguvu. Mzee aliitwa Luigi, kwa hiyo mvulana wa kwanza wa Giuseppe lazima awe Luigi. Mtoto huyo akifa, jina la mzee haliwezi kuachwa bila mtu wa kulibeba. Mvulana atakayefuata atalipokea. Wakati ule watoto wengi hawakuvuka miaka yao ya mwanzo, kwa hiyo jina moja kurudiwa mara mbili, hata tatu, kwa wazazi walewale ni jambo mtakalolikuta tena na tena. Tafuteni kifo cha Luigi mdogo kati ya 1843 na 1847, katika madaftari yaleyale mtakayopitia kumtafuta babu yake. Msimwache nje ya mchoro. Giulia amchoree kitawi chake kifupi.

Mkifika huko, angalieni faharasa iliyo mwishoni mwa daftari la kila mwaka. Baadhi zimepangwa kwa jina la ubatizo, si kwa jina la ukoo, na mtu akitafuta ukoo peke yake anaondoka akidhani familia haimo.

Afsunta ni Assunta. Zamani herufi s mbili zikifuatana, ya kwanza iliandikwa ndefu, yenye mgongo kama wa f. Dawa ya mwandiko wowote wa namna hiyo ni kumsoma karani kwa karani mwenyewe: tafuteni kwenye ukurasa uleule neno mnalolijua kwa hakika, kama jina la mwezi au la kijiji, mwone s yake, L yake na S yake kubwa anazichoraje. L na S kubwa zimewapoteza wengi.

Angela si bibi wa mtu. "Obstetrix" ni mkunga. Katika madaftari ya Kusini mkunga hutajwa sana, na mara nyingi ndiye aliyempakata mtoto kwenye kisima cha ubatizo. Mtoto akiwa hatarini kufa, alimbatiza yeye mwenyewe nyumbani, na padre akaandika hivyo. Mwondoeni kwenye nasaba. Wasimamizi wa ubatizo wakitajwa, wao waandikeni pembeni, kwa kuwa mara nyingi ni ndugu wa mzazi mmoja.

Sasa Maria Giuseppa Esposito. Wifi yako hakukosea kuhusu asili ya jina, na baba mkwe hakukosea kuumia. Esposito ni aliyewekwa nje, na Napoli lilipewa watoto walioachwa kwenye ruota ya nyumba ya watoto ya Annunziata, ule mzinga wa mbao unaozunguka ukutani: mzazi aliweka mtoto upande wa barabarani, akauzungusha, na mpokeaji akamchukua upande wa ndani bila kuonana uso kwa uso. Ruota ya Annunziata ilifungwa mwaka 1875. Mahali pengine watoto hao walipewa majina mengine: Milano Colombo, kwa njiwa aliyekuwa nembo ya hospitali iliyowapokea, Firenze Innocenti, kwa jina la hospitali yao, Roma Proietti. Leo wanaobeba majina haya ni halaiki ya watu, na Esposito ni miongoni mwa majina yaliyoenea mno katika jiji zima la Napoli.

Lakini kutoka hapo hadi kusema Maria Giuseppa mwenyewe aliokotwa ni hatua kubwa, na karatasi zenu hazijaipiga. Kwanza, Italia mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, si la mume, kwa hiyo Esposito amelipata ama kwa baba yake, ama alipewa yeye. Pili, mwaka 1814 Gioacchino Murat, aliyekuwa mfalme wa Napoli chini ya Napoleon, alipiga marufuku watoto wa kuokotwa kupewa jina Esposito, na baada ya hapo maofisa wakawa wanawabunia majina mengine. Angalieni umri wa mama kwenye karatasi ya 1843. Kama inampa miaka 25 au pungufu, basi alizaliwa baada ya amri ile, na uzito unaegemea upande wa kurithi: aliyeokotwa anaweza kuwa babu yake, au babu wa babu yake, mtu wa miaka ya 1600 hata. Tatu, kuna Michele. Kama desturi ilifuatwa, Luigi alichukua jina la baba wa baba, na mvulana aliyefuata akachukua la baba wa mama. Mwanamke ambaye mwanawe anapewa jina la baba yake ni mwanamke aliyemjua baba yake. Hii ni dalili, si hukumu. Malaika Mikaeli, ambaye kwa Kiitaliano ndiye Michele, ana waja wengi upande ule, na nadhiri ya mgonjwa iliweza kupindua mpangilio wote.

Hukumu iko kwenye karatasi ya ndoa. Mtoto wa kwanza alizaliwa Machi 1843, kwa hiyo anzeni na ndoa za 1842, kisha mrudi nyuma mwaka mmoja mmoja. Pamoja na daftari la ndoa, Antenati wana vifurushi vinavyoitwa "processetti", yaani viambatisho ambavyo wachumba walipaswa kuvileta: nakala ya kuzaliwa ya bwana na ya bibi, na kama baba amekufa, nakala ya kifo chake, mara nyingi na ya babu pia. Tafuteni nakala ya kuzaliwa ya Maria Giuseppa. Ikisema binti wa Michele Esposito na mkewe, swali limejibiwa. Ikisema "di genitori ignoti", wazazi wasiojulikana, basi ni kweli aliokotwa, na karatasi yake huenda ikawa ndefu kuliko za wengine wote: saa aliyokutwa, jina la mpokeaji, nguo alizofungiwa, na pengine alama iliyoachwa naye, kama nusu ya medali, ambayo mzazi aliibakiza nusu ya pili akitumaini kurudi kumchukua. Walioweka watoto pale hawakuwa wote watu wa aibu. Wengi walikuwa mume na mke waliofunga ndoa na kukosa chakula. Na watoto walioingia ruotani wengi hawakumaliza mwaka. Kama Maria Giuseppa alikuwa mmoja wao, alipona, akakua, akaolewa, akazaa, akazika mtoto, akazaa tena. Siioni aibu hapo hata kidogo.

Baba mkwe, hata hivyo, usimfikishie haya mezani, na usiyafikishe wewe. Mwache mume wako akae naye, wawili tu, karatasi ya ndoa ikiwa mkononi. Mzee aliyelisikia jambo la ukoo wake kwa mara ya kwanza mbele ya watu, tena kwa kauli ya uvumi, amenyimwa haki ya kulijua yeye kwanza. Akiisoma kwa macho yake, kwa lugha yake, jina la kijiji chake juu ya ukurasa, atakuwa anamsoma nyanya yake. Awe wa kwanza kumweleza Giulia, kama atapenda. Jina lenyewe msilifute. Mtoto wa umri wake akiona tawi moja limeachwa wazi kwa makusudi atajua pana kitu, na atabuni kibaya kuliko kilichopo. Kwa kazi ya shule inatosha aandike "Maria Giuseppa Esposito, mke wa Giuseppe", na mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa kutokana na umri wa 1843. Mwalimu hahitaji zaidi.

Jambo moja la utafutaji kabla sijakuacha. Kama ndoa haimo katika kijiji chenu mwaka 1842 wala iliyotangulia, fungueni vijiji jirani, kwa kuwa harusi ilikuwa ikifungwa kwao bibi. Na mkiteremka kwa watoto wa Luigi mwenyewe, kuanzia Januari 1866 mtakuta fomu mpya za Ufalme wa Italia, zisizo na ile safu ya kulia ambamo fomu za zamani za manispaa ziliandika ubatizo. Kwa hao mtahitaji tena kumwomba paroko.